Nimeitwa kwenye utafiti wa tiba ya sonona, nisaini au niachane nao?

FundiKusini:
Wakuu habari zenu, naomba msinicheke maana hili jambo nimelibeba wiki mbili sasa na hapa nyumbani anayejua ni mke wangu tu. Mimi ni fundi cherehani, niko Masasi, miaka 39, watoto watatu. Tangu mdogo wangu afariki mwaka jana mwezi wa nane nimekuwa mtu wa ajabu ajabu. Usingizi unakata saa nane za usiku, nalala macho nasikiliza majogoo mpaka adhana ya alfajiri. Chakula hakipandi. Kazi ndo kabisaa, mwezi wa kwanza huu ndo msimu wa sare za shule, kipindi ambacho fundi yeyote anapiga hela, mimi nimekaa na salfeti tatu za vitambaa vya watu nazikodolea macho. Juzi nimekata suruali ya mtoto miguu yote miwili ya kushoto. Miaka 18 kwenye cherehani sijawahi kufanya kitu kama kile, nilikaa naiangalia ile suruali hadi mwenyewe akaja akanikuta bado nimeishika.

Sasa nilienda hospitali moja huku huku kusini kwa ajili ya kichwa na tumbo, nikijua ni malaria au vidonda vya tumbo, vipimo vyote safi. Ndo nesi akaniuliza maswali tisa, kila swali unajibu kwa wiki mbili zilizopita kama hali hiyo haikukupata kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku. Akajumlisha nikapata 17. Akasema hiyo ni sonona, mnayoita dipresheni, na kwamba pale wana utafiti wa tiba yake kama niko tayari niongee na dada mmoja. Yule dada kanipokea vizuri, kanipa fomu ya ridhaa kurasa sita niende nayo nyumbani nikaisome, hajanilazimisha.

Nilivyoelewa mimi, wote tunapewa vidonge, halafu nusu wanaongezewa vikao vya kuongea kila wiki kwa wiki nane na mtu aliyefundishwa ila sio daktari. Nani aende kundi gani fomu inasema "atapangwa kwa bahati nasibu". Hapo ndo nikakwama. Mimi muislamu, bahati nasibu ni kamari, naanzaje kutibiwa kwa kamari? Halafu jirani yangu wa bodaboda kanambia utafiti wote ni dawa bandia, unakuwa panya wa majaribio, na damu wanachukua kupeleka wanakojua wao. Na kuna lile swali la tisa, la mwisho. Nilijibu sifuri. Haikuwa kweli ila sikuweza kusema mbele ya yule nesi, mdogo kuliko hata mtoto wa dada yangu.

Nina mpaka wiki ijayo kurudisha jibu. Aliyewahi kupitia hivi vitu naomba anielekeze.

Kangomba_Mstaafu:
Usisaini kitu mkuu. Sisi tumekua tunaambiwa habari za mumiani tukadhani ni hadithi za bibi, kumbe mumiani siku hizi anakuja na fomu na soda. Wao wakimaliza wanapata udokta, wewe umepata elfu kumi ya nauli na soda ya moto. Nenda pwani kapunge upepo, kunywa uraka kidogo utalala tu, mawazo yataisha yenyewe

TabibuLindi:
Kangomba wewe mzee mwenzangu nakuheshimu ila hapo kwenye uraka umechemka. Pombe ndo inamkata mtu usingizi wa saa nane za usiku, na mwenye sonona ukimpa kilevi unampandisha mlima kwa magoti. Tena kwa Fundi ambaye keshasema ni muislamu! Tuendelee.

Fundi mdogo wangu, pole sana kwa msiba. Mimi nimefanya kazi ya utabibu miaka mingi kabla ya kustaafu, vituo vya vijijini huku Lindi, na nitaanza na mwisho wa maelezo yako kwa sababu ndo penye uzito. Swali la tisa linauliza kama umekuwa ukiona ni bora ufe au ukiwaza kujidhuru. Kama jibu lako la kweli sio sifuri, usisubiri wiki ijayo wala usisubiri utafiti. Kesho asubuhi rudi pale, muombe mtu mzima zaidi kama yule binti unamuonea haya, ni haki yako, sema "lile swali la mwisho nilijibu vibaya" basi, wao watajua pa kuanzia. Leo leo mwambie mkeo. Na kama una dawa za kupulizia korosho ndani ya nyumba, mpe kaka au shemeji akakutunzie kwake mpaka hali itulie, usione aibu, wengi nimewaambia hivyo na wapo hai wananisalimia barabarani. Usiku ukiwa mbaya usikae peke yako, nenda hospitali yoyote iliyo karibu, mapokezi ya usiku yapo.

Sasa utafiti. Ile 17 yako kwenye kipimo cha maswali tisa, jumla yake ya juu kabisa ni 27, na kuanzia 15 hadi 19 ni sonona ya kati inayoelekea kuwa kali. Maana yake unahitaji tiba, uingie utafiti usiingie. Hili ndo watu wengi hawaambiwi vizuri: ukikataa utafiti, tiba ya kawaida ya hospitali bado ni yako. Wakikuambia ukikataa hupati dawa, hapo ondoka na ukashtaki.

Damu. Sonona ina pacha wake. Mtu akipungukiwa damu, au tezi ya shingoni ikiwa mvivu, anachoka, anakosa raha, anasinzia mchana, utasema sonona kumbe siyo. Ndo maana wanapima kwanza. Kichupa chenyewe ni mililita tano hivi, hiyo ni kijiko kimoja cha chai. Mumiani wa kijiko cha chai atafilisika. Ila unayo haki ya kuuliza, damu yangu mnapima nini, inabaki hapa au inasafirishwa, ikibaki mnaitupa lini. Fomu nzuri inajibu yote hayo na kama inasafirishwa inakuuliza peke yake kwa sahihi nyingine.

Na angalia hiyo fomu ina nini ukurasa wa mwisho. Utafiti wowote wa afya kwa binadamu hapa Tanzania bara lazima upite kamati ya maadili, ya taifa iko chini ya NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kama ni majaribio ya dawa basi na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao wawe wametoa kibali. Kwa hiyo pawepo namba ya kibali, na simu mbili, ya mtafiti mkuu na ya kamati. Hiyo ya kamati ndo ya kwako, unaipiga ukiona umedhulumiwa, haipiti kwa mtafiti. Nakala moja ya fomu unabaki nayo. Wasipokupa nakala usisaini.

Kujitoa unajitoa siku yoyote hata katikati ya kikao, husemi sababu. Ila vidonge usiviache ghafla kisa umejitoa, waambie wakushushe taratibu.

UstadhMingoyo:
Assalaam alaykum Fundi. Hilo la kamari ondoa wasiwasi. Kamari ni wewe kuweka mali ukitarajia kula ya mwenzio. Hapa umeweka nini? Kupiga kura ili watu wagawanywe bila upendeleo ipo kwenye Qur'an yenyewe, Nabii Yunus alipigiwa kura chomboni, na walezi wa Maryam walitupa kalamu zao kujua nani amlee. Na Mtume (SAW) akitaka safari alikuwa anawapigia kura wakeze nani afuatane naye. Kosa ni la walioandika fomu, wangeandika "kupigiwa kura" wangekuepusha na dhambi ya kuwadhania vibaya. Dua uendelee nazo, na hospitali uende, hakuna kinachomzuia mwenzie.

FundiKusini:
Ustadh shukran, hapo umenitua mzigo. Tabibu nimemwambia mke wangu jana usiku, nilivyomaliza kuongea akanyamaza muda mrefu nikajua kakasirika kumbe analia. Dawa za korosho kapeleka kwa baba yake asubuhi na mapema, hata chai sijanywa. Nimerudi hospitali, wamenikutanisha na mama mmoja mtu mzima tumeongea karibu saa nzima. Sijasaini bado.

Ila niseme ukweli, hivyo vikao vya kuongea sivielewi. Kuongea hata kijiweni si naongea? Mtu ambaye hata sio daktari atanisaidia nini. Kama kura ikiniangukia huko ntakuwa nimepoteza nauli.

Mwanachuo_Mtwara:
Kaka hapo ndo penyewe penye utamu wa huo utafiti, mi nasoma ustawi wa jamii na hii mada naipenda so nitaandika kirefu kidogo mnivumilie. Kijiweni hamuongei, kijiweni mnabishana Simba na Yanga. Ushawahi kumwambia mtu kijiweni kwamba umekata miguu miwili ya kushoto ukashindwa kuiachia ile suruali? Si umekuja kutuambia sisi usiotujua.

Zimbabwe kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza kitu Mbare pale Harare kwa sababu nchi nzima madaktari wa akili walikuwa wa kuhesabu vidole. Akachukua wabibi, wabibi kabisa wa mtaani waliokuwa wahudumu wa afya, akawafundisha kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Hawatoi mahubiri. Bibi anakuuliza matatizo yako yote, mnayaorodhesha, mnachagua moja tu, mnatafuta hatua ya kulitatua, wiki ijayo unarudi mnaangalia umefikia wapi. Wao hata neno sonona hawakulitumia, walitumia la kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Si ndo sisi tunasema "ana mawazo"?

Sasa ingekuwa wameishia hapo watu wangesema ni porojo za wabibi. Wakafanya utafiti wa kupigia kura, zahanati 24, watu 573, zahanati zingine zina benchi zingine zina huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Majibu yakatoka 2016, baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona kwenye kundi la benchi walikuwa kama 14 katika mia, kundi lingine karibu 50 katika mia. Benchi hilo sasa limefika mpaka Zanzibar. Uganda nao huko Rakai na Masaka walishafanya mapema zaidi, vijiji 30, watu wanakaa kikundi mara moja kwa wiki na kiongozi ambaye sio daktari, na ilifanya kazi vizuri mno.

Kwa hiyo watu wasipogawanywa kwa kura, mtu akisema "mi nilienda kwenye vikao nikapona" hakuna anayejua kama ni vikao, ni vidonge, ni muda umepita au ni mahindi yamekubali mwaka huo. Ndo maana lazima nusu wasipate. Inauma lakini ndo hivyo.

Bi_Mikindani:
Nimesoma comenti zote, naomba na mimi niongee kama mtu aliyewahi kuwa ndani. Nilikuwa Dar nasoma, nikaingia utafiti wa vidonge, wangu ulikuwa na dawa bandia kweli, sio kama wako Fundi. Waliniambia wazi kabla ya kusaini, kuna kidonge cha kweli na kuna kidonge kinachofanana nacho hakina kitu ndani, mimi sijui napewa kipi, daktari naye hajui, anayejua ni mfamasia wa utafiti na amefungia kwenye bahasha. Wiki kumi na mbili. Kila wiki mbili naenda na kichupa changu wanahesabu vidonge vilivyobaki kama mtu wa benki.

Na hapa nitubu, kuna wiki niliruka siku nne sikumeza, nikaona aibu, asubuhi ya kliniki nikavimwaga vinne chooni ili hesabu ikae sawa. Nilivyofika yule nesi ananisifu "hongera dada hujaruka hata kimoja" nikatabasamu. Ni ujinga, maana data niliyowapa ni ya uongo na mtu mwingine anaweza kuandikiwa dawa kesho kwa uongo wangu. Fundi kama utaingia, ukiruka sema umeruka. Hawagombi.

Basi nikapona. Yaani kweli nikaanza kulala, nikarudi kupika, nikamaliza mitihani. Siku wamefungua bahasha wakaniambia nilikuwa kundi la dawa bandia. Nilicheka halafu nikakasirika halafu nikacheka tena. Daktari akaniambia sio mimi tu, kwenye tafiti za sonona kama theluthi ya wanaopewa dawa bandia hupata nafuu, saa zingine hata zaidi, ndo maana ni ngumu kujua dawa mpya inafanya kazi. Mi nikamwambia daktari hapana, mimi nilipona kwa sababu kila wiki mbili kuna mtu ananiuliza "umelalaje" na anasubiri jibu. Hakunibishia.

Lakini wapo ambao kundi hilo hilo walizidiwa wakatolewa wakapewa dawa ya kweli haraka. Kwa hiyo uliza: nikizidiwa katikati mnanifanyaje? Nani ananiona usiku? Na utafiti ukiisha vidonge naendelea navyo wapi, au ndo kila mtu ashike lake? Hilo la mwisho ndo wengi wanasahau.

NyundoYaNewala:
Mnampa moyo tu ila ukweli na wenyewe usemwe. Kijijini kwetu walikuja watu mwaka flani wakatuuliza maswali siku nzima, unaumwa nini, unakula mara ngapi, choo chako kikoje, mke wangu alikosa kwenda shamba siku mbili. Wakasema watarudisha majibu. Mpaka leo. Hata ile sabuni waliyotupa iliisha kabla hawajafika Mtwara mjini. Sasa mtu kama mimi ukiniletea fomu nyingine unataka nikuelewe vipi? Sisemi wanaiba damu kama Kangomba, nasema wanaiba muda, na muda wa mkulima msimu wa kupulizia ni hela

TabibuLindi:
Nyundo hapo huna ubaya, hilo ni donda na sisi wa afya tunalijua. Kurudisha majibu kijijini kwenye bajeti huwa kunawekwa mwisho na mwisho ndo panapoishia hela. Mimi nimewahi kuona mtafiti amerudi na karatasi moja tu ya kiswahili, akaisoma mbele ya mkutano wa kijiji, watu walimshangilia kama kaleta mradi wa maji. Kwa hiyo Fundi ongeza swali hilo, majibu nitayapata lini na kwa lugha gani.

Ila tusisahau pia, miaka ya 2005 hivi watafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara walikuwa huku huku Lindi na Mtwara wakijaribu kuwapa watoto wachanga SP ya malaria siku ya chanjo. Watoto wetu ndo walioshiriki. WHO walipokuja kutoa mwongozo kuhusu hilo, majibu ya kusini yalikuwa miongoni mwa yaliyoangaliwa. Kwa hiyo sio kila fomu inaishia kabatini.

Na vidonge vyenyewe vya sonona unajua vilianzia wapi? Kwa wagonjwa wa TB. Miaka ya mwanzo ya hamsini, hospitali ya Sea View pale New York, walikuwa wanajaribu dawa ya kifua inaitwa iproniazidi, wakashangaa wagonjwa waliokuwa hoi wamechangamka, wanakula, wanataniana kwenye varanda. Ndo mtu akajiuliza, hii si itafaa kwa walionyong'onyea bila TB? Ikaja kuondolewa baadaye kwa sababu ilikuwa inaumiza ini, na hilo nalo lilijulikana kwa sababu kuna watu walikuwa wanaandika nini kimempata nani. Hawa wa kwako nadhani watakupa fluoksetini au amitriptilini, hizo ni dawa za siku nyingi, sio wewe wa kwanza kuzimeza.

FundiKusini:
Ni fluoksetini, nimeangalia kwenye fomu. Sasa wakuu samahani kuna dada zetu humu ila lazima niulize. Kuna mtu kanambia hizo dawa zinaua nguvu za kiume. Pili, hilo jambo la swali la tisa, nasikia ni kesi, polisi wanakuja. Kama wameandika kwenye karatasi yao na jina langu si ndo ushahidi?

Kangomba_Mstaafu:
hapo kwenye nguvu za kiume hata mimi nimekaa vizuri kusikiliza

TabibuLindi:
Kangomba leo umekuwa mwanafunzi.

Fundi, jibu la kweli: zinaweza kupunguza hamu, au kuchelewesha kumaliza, kwa baadhi ya watu. Sio wote. Na sonona yenyewe inaua hamu kabla hata ya dawa, jiulize tangu mwezi wa nane hali ikoje. Ukiona mabadiliko waambie, kuna kupunguza dozi, kuna kubadilisha. Kosa wanalofanya wanaume ni kuacha kimya kimya wiki ya pili, wakati dawa hizi nafuu yake inaanza kuonekana wiki ya pili hadi ya nne, na kuijua vizuri mpaka wiki ya sita au ya nane. Kwa hiyo unapata kichefuchefu chote cha mwanzo halafu unaacha mlangoni mwa nafuu. Na ikifika huko bado hakuna kitu, kuna nyingine. Marekani walifanya utafiti mkubwa wa watu zaidi ya elfu nne, dawa ya kwanza iliwaondolea dalili kabisa kama theluthi tu, waliobaki wakaongezewa au wakabadilishiwa, wengine wengi wakapona hatua ya pili.

Kuhusu polisi. Ni kweli Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 bado kinasema kujaribu kujiua ni kosa, na wengi wetu tuliofanya kazi wodini tunatamani kifutwe maana kinawafanya watu wafiche. Lakini kinaongelea kujaribu. Kuwa na mawazo na kumwambia nesi sio kosa, ni ugonjwa unaueleza kwa anayeutibu. Kwenye karatasi za utafiti jina lako linatakiwa lisiwepo, unapewa namba, na orodha ya nani ana namba gani inafungiwa kivyake. Siri ina mpaka mmoja tu na fomu itakuambia: wakiona maisha yako yapo hatarini wanaweza kumuita ndugu uliyemtaja. Umeshamwambia mkeo, mtaje huyo.

Bi_Mikindani:
Afu Fundi, kwa upendo kabisa, siri unaivunja mwenyewe hapa. Masasi, fundi, miaka 39, suruali ya miguu ya kushoto… mwenye suruali akipita humu si ameshakujua? Usiandike tena hospitali gani wala mtaa.

Mama_Wanne_Masasi:
😂😂 jamani mbona mimi nadhani suruali ni ya mwanangu. Fundi usijali sisemi kitu. Na pole ya msiba, hatukujua una hali hiyo, sisi tulikuwa tunakusengenya tu kwamba siku hizi umekuwa mtu wa njoo kesho njoo kesho

FundiKusini:
Mama Wanne nakuomba radhi, kitambaa nimenunua kingine kwa hela yangu.

Wakuu narudisha mrejesho. Nilienda na karatasi ya maswali nimeandika nyuma ya risiti ya vifungo. Nikizidiwa: kuna namba ya simu saa zote, na wananitoa kwenye utafiti wananipa wodi bila malipo ya ziada. Nimeipiga ile namba nikiwa bado pale pale kwenye benchi, ikapokelewa, yule dada kacheka. Vidonge baada ya utafiti: nitaendelea navyo kliniki ya kawaida ya hospitali, kasema wazi kwamba hapo ndo nitaanza kuchangia kama mgonjwa mwingine, sikupenda ila angalau nimejua. Majibu ya utafiti: hakuwa na jibu, kampigia bosi wake mbele yangu, bosi kasema watatuita wote kikao kimoja wakimaliza. Nyundo nimeyaandika hayo na tarehe, nitakukumbusha. Namba ya kibali ipo, nakala ninayo imekunjwa ndani ya msahafu.

Nimesaini.

Kura ni bahasha. Yule dada kaifungua mbele yangu, hata yeye alikuwa hajui kilichomo. Nimeangukia vidonge peke yake, vikao sina. Mnajua kilichonishangaza? Nilivyokuja hapa nilikuwa sivitaki hivyo vikao, bahasha ilivyofunguka nimejisikia kama nimenyimwa. Nimemwambia mke wangu, akasema "hata bahati nasibu ya bure wewe hushindi", tukacheka wote wawili, sijui mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini.

Mwanachuo_Mtwara:
Kaka pole kwa kura, ila uliza kama utafiti ukionyesha vikao vinasaidia, kundi lenu mtapewa baadaye. Baadhi ya tafiti wanafanya hivyo. Na sio lazima usubiri bahasha kuongea na mkeo.

TabibuLindi:
Umefanya mambo kiutu uzima. Ila ukiona siku zinapita na lile la swali la tisa linarudi, hesabu za utafiti wao zisikushughulishe, unapiga ile namba.

FundiKusini:
Nimeelewa mzee wangu. Nina siku ya sita leo. Asubuhi kichefuchefu kidogo na mdomo mkavu, nimewaambia kwa simu, wamesema nimeze baada ya kula na kama kikizidi nirudi. Usingizi bado unakata ila jana ulikata saa kumi, sio saa nane. Kliniki yangu ni Alhamisi ya wiki ijayo, naenda na kichupa kikahesabiwe, Bi Mikindani usiwe na wasi chooni kwangu hakuna kitu. Sasa niacheni, nina sketi kumi na moja za darasa la tano na mwenyewe kasema anakuja saa kumi jioni.